MAVI YA MBWA YANAPELEKWA MAABARA KUFANYA NINI?



Sisi tunaozunguka mitaa ya kambi ya Kakuma kwa kazi ya afya ya jamii tunaulizwa mengi kuhusu mbwa. Watu wamesikia kwamba wataalamu wanaochunguza minyoo ya Turkana huokota mavi ya mbwa kwa glavu, wakayatia katika vichupa vyenye namba na kuyasafirisha mbali. Wengine wanacheka. Wengine wanaogopa, wanadhani baada ya vichupa watakuja watu wa bunduki kumaliza mbwa wote, na kwa hiyo wakisikia habari hizo wanawaficha mbwa wao ndani ya nyumba, pale pale wanapolala watoto. Kuwaficha ndani ndiko kubaya kuliko yote, na sababu nitaieleza.

MNYOO MDOGO, UGONJWA MKUBWA

Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda tulikulia penye mvua na migomba. Minyoo tuliyoijua ni ile ya tumbo la mtoto, inayotoka kwa dawa ya zahanati. Hapa Turkana kuna mnyoo mwingine ambaye inafaa kila aliyehamia hapa amjue. Ni tegu, lakini si yule mrefu wa nyama ya ng'ombe anayefika mita kadhaa. Tegu huyu ana urefu wa milimita 3 hadi 6 tu, kichwa na vipande vitatu au vinne, na anaishi katika utumbo mwembamba wa mbwa. Mbwa mmoja anaweza kuwa na maelfu ya minyoo hiyo na bado akala, akabweka na kucheza na watoto. Wataalamu wanamwita ekinokokasi.

Mzunguko wake ni huu. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia anakula majani au anakunywa maji yaliyoangukiwa na mayai kutoka kwenye mavi ya mbwa. Yai linapasuka tumboni mwake, kitoto cha mnyoo kinapita katika damu mpaka kwenye ini au mapafu, na huko kinajenga kifuko chenye maji. Ndani ya kifuko vinaota vichwa vya minyoo, vidogo kama punje za mchanga mwembamba. Siku ya kuchinja, mchinjaji anakuta ini lina mafundo meupe, anasema hili halifai, anamtupia mbwa. Mbwa anafurahi. Baada ya wiki sita hivi vile vichwa vimekwisha kuwa minyoo kamili, na mbwa anaangusha mayai kila anapojisaidia.

Mtu anaingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, akichukua nafasi ya kondoo. Anameza yai lililokuwa kwenye manyoya ya mbwa aliyemshika, au kwenye sufuria iliyolambwa, au katika maji ya shimo ambalo mbwa naye hunywa. Kifuko kinaota katika ini lake au mapafu yake na kukua polepole sana. Miaka inapita bila maumivu. Halafu tumbo linaanza kujaa upande mmoja, au kifua kinabana.

Takwimu zilizochapishwa 1982 zilionyesha kwamba kaskazini mwa Turkana wagonjwa wapya walifika 220 kwa mwaka katika kila watu 100,000, idadi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuuzuia ugonjwa huu huko. Wapimaji waliotembea na mashine ya altrasaundi walikuta 1985 watu kati ya 5 na 6 katika kila 100 wana vifuko. Waliopima 2010 na 2011 walikuta kati ya 2 na 4 katika kila 100. Umepungua. Haujaisha.

MAMBO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Kabla ya kufika maabara, niseme wazi mambo mawili, kwa maana nimeyasikia yakielezwa vibaya hata na watu waliosoma.

Kwanza, mtu hapati ugonjwa huu kwa kula nyama, hata nyama ya mbuzi aliyekuwa na vifuko. Kifuko cha mbuzi kinamwambukiza mbwa. Mayai ya mbwa ndiyo yanayomwambukiza mtu. Ukikosea hapo utaacha kununua nyama kwa mwenyeji bila sababu, huku ukiendelea kumpa mbwa maini mabovu.

Pili, mgonjwa haambukizi mwenzake. Mama mwenye tumbo lililovimba kwa kifuko hatoi mayai hata moja. Anaweza kupika, kunyonyesha, kulala na wanawe kama kawaida. Kumtenga au kusema amerogwa ni kumwongezea mzigo ambao hakuuomba. Wala asikubali mtu yeyote amchanje au kumtoboa ili maji yatoke. Maji ya kifuko yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kumshtua mtu hata kumwua kwa muda mfupi, na vichwa vilivyomo vinaweza kuotesha vifuko vipya tumboni. Madaktari wana njia zao: dawa ya albendazoli, upasuaji, au sindano maalumu ya kunyonya maji huku wakiangalia picha ya altrasaundi. Kuna na vifuko vilivyokwisha kufa vyenyewe, ambavyo huachwa na kuangaliwa tu.

MAYAI YANAYOFANANA

Sasa twende kwenye vichupa. Kama hatari iko katika mayai, kwa nini mpimaji asitazame mavi kwa hadubini, akaona mayai, akamaliza kazi hapo hapo?

Shida ni kwamba mbwa ana mategu wengine pia. Kuna yule anayetokana na vifuko vinavyoning'inia kwenye utando wa matumbo ya mbuzi. Huyo hana neno na mtu. Kuna yule ambaye kitoto chake huingia ubongoni mwa kondoo au mbuzi, akawa anazunguka mahali pamoja kama mlevi. Huyo humpata mtu kwa nadra sana. Mayai ya hao wote na mayai ya ekinokokasi yana sura moja. Ni ya duara, rangi ya kahawia, ganda nene lenye mistari inayotoka katikati kama jua linavyochorwa na watoto wa shule ya awali. Ni madogo kiasi kwamba ukiyapanga 30 kwa mstari unapata milimita 1. Hata fundi wa maabara aliyefanya kazi miaka mingi atakuambia tu: haya ni mayai ya tegu. Tegu gani, hadubini haisemi.

Chukua mfano wa mtaa wenye mbwa 20, na watano wamekutwa na mayai. Inawezekana wote watano wana mnyoo anayejaza vifuko katika maini ya watoto. Inawezekana hakuna hata mmoja. Mwenye kuamua kwa hadubini peke yake ama atawaonea mbwa wasio na kosa, ama atawaacha watu katika hatari akidhani wako salama.

Zamani kulikuwa na njia mbili za kupata hakika. Moja ni kumwua mbwa, kumpasua na kuosha utumbo wake. Nyingine ni kumnywesha dawa iitwayo arekolini iliyomfanya aharishe kwa nguvu, na mpimaji akainama juu ya kilichotoka kutafuta minyoo. Ya kwanza mwenye mbwa haipendi. Ya pili sidhani kama kuna aliyeipenda: kilichotoka kilikuwa kimejaa mayai hai, mbwa wengine hawakuharisha kabisa, na wengine dawa iliwazidi nguvu. Njia ya vichupa haimgusi mbwa. Anaweza kuwa amelala kivulini wakati mavi yake yanasafiri.

KUSOMA MAANDISHI YA NDANI YA YAI

Kila kiumbe hai kina chembe za urithi, yaani vinasaba. Ni kama maandishi marefu sana yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, na kila kizazi huyanakili kutoka kwa wazazi wake. Ndiyo maana mtoto ana pua ya babu yake. Yai la tegu nalo limebeba maandishi ya tegu aliyelitaga. Kwa hiyo mayai mawili yanaweza kufanana sura kama mapacha, lakini ukiyasoma ndani, kila moja linataja ukoo wake.

Kazi huanza kwa kuyaua mayai, ili mpimaji mwenyewe asiugue. Spiriti haiyaui. Mavi hukaa siku kadhaa katika friza ya maabara yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. (Friji ya soda ya dukani haiwezi kazi hiyo, wala usijaribu.) Kisha huchanganywa na maji mazito yenye chumvi ya zinki. Uchafu mwingi unazama, mayai yanaelea. Yanachujwa kwa chujio zenye matundu madogo sana, halafu mpimaji anayaokota, hata moja moja, na kuyapasua kwa dawa kali na joto ili vinasaba vitoke.

Vinasaba vya yai moja ni kidogo mno kuweza kusomeka. Hapo inaingia njia iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis 1983, ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel 1993. Mashine inapasha joto na kupoza, inapasha na kupoza, na kila mzunguko kipande kilichochaguliwa kinanakiliwa. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa vinane. Kwa hesabu, baada ya mizunguko 30 kile kipande kimoja kimezidi bilioni moja. Hii ni PCR ile ile tuliyoisikia kila siku redioni 2020, wakati wa korona. Tofauti ni kwamba kule walitafuta kirusi puani mwa mtu, huku wanatafuta tegu katika mavi.

Kipande kinachonakiliwa huchaguliwa mahali ambapo maandishi ya tegu mmoja hayalingani na ya mwingine. Mwishoni kinasomwa herufi kwa herufi. Au kinakatwa kwa vimeng'enya ambavyo hukata tu pale vinapokuta mpangilio fulani wa herufi. Vipande vikitoka na urefu usio sawa, basi na minyoo si ukoo mmoja.

WALICHOKIKUTA

Mwaka 1992 watafiti wa Australia walitumia vinasaba kuonyesha kwamba hata ekinokokasi mwenyewe si mmoja. Kuna aina ambayo hupenda kukaa katika kondoo, aina ya ngamia, aina ya ng'ombe na nyinginezo. Kwa macho huwezi kuzitenganisha.

Hapa Turkana zimeonekana hasa mbili, ya kondoo na ya ngamia. Ya ngamia hukutwa pia katika mbuzi. Mtu angefikiri kwamba mahali penye ngamia wengi wagonjwa nao watakuwa na vifuko vya aina ya ngamia. Lakini vifuko vilivyotolewa kwa wagonjwa wa Turkana vilipopimwa vinasaba, vingi vilikuwa vya aina ya kondoo. Vya aina ya ngamia vilikuwepo, ila vichache. Inaonekana aina ya kondoo inamwingia mtu kwa urahisi zaidi. Mimi habari hii naiona ni ya thamani kuliko zote, kwa sababu inatuonyesha ini gani tuliogope kwanza linapotupwa chini. Hata hivyo mchinjaji hawezi kusoma vinasaba kwa kisu, kwa hiyo ini lolote lenye vifuko alihesabu kuwa la hatari.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya mavi ya mbwa zaidi ya 1,600 yaliyookotwa Turkana, Isiolo, Meru na Maasai Mara. Kwa hadubini, karibu 11 katika kila 100 yalikuwa na mayai ya tegu. Vinasaba viliposomwa, yenye mayai ya ekinokokasi yalikuwa karibu 4 katika kila 100. Yaani hadubini peke yake ingewatuhumu mbwa zaidi ya mara mbili ya wenye mnyoo wa hatari. Hapo ndipo anapojibiwa yule aliyeniuliza kwa nini fedha zote hizo zitumike kwa mavi.

Kuna na kazi nyingine ya kipimo hiki. Mbwa wa eneo fulani wakipewa dawa kwa miaka, ni lazima ijulikane kama dawa inafanya kazi. Kuhesabu wagonjwa hakusaidii haraka, kwa kuwa mtu anayevimba tumbo leo huenda alimeza yai miaka kumi iliyopita. Mavi ya mbwa yanaeleza habari za mwaka huu.

KIPIMO KINA MIPAKA YAKE

Mtu asije akadhani kimeondoa kazi zote. Mbwa aliyekula ini bovu wiki iliyopita hana mayai bado, na mavi yake yatatoka safi. Mavi yaliyokutwa njiani hayana jina la mwenyewe, kwa hiyo yanaeleza habari za mtaa, si za mbwa fulani. Mavi yenyewe yana vitu ambavyo huzuia mashine isinakili vizuri. Na mbwa hula uchafu: anaweza kula mavi ya mbwa mwenzake akapitisha mayai yasiyo yake. Hayo wapimaji wanayajua, ndiyo maana hawachukui kichupa kimoja wakatangaza habari za kambi nzima.

Kipimo hiki pia hakimhusu mtu. Mwenye wasiwasi na tumbo lake hapeleki choo chake maabara kutafuta mayai haya, kwani hayamo. Anakwenda kliniki, anaeleza dalili, na akihitaji atatumwa kupigwa altrasaundi.

MBWA WAKO, NYUMBA YAKO

Narudi kwa wale wanaoficha mbwa. Mayai ya mnyoo huyu hayapendi jua. Juu ya mchanga wa Kakuma saa sita mchana hukauka na kufa kwa muda wa saa chache. Kivulini, ndani ya nyumba, katika udongo wenye unyevu na ndani ya maji yanaishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mbwa aliyelala nje anaacha mayai mahali ambapo jua linatufanyia kazi bure, na mbwa aliyefungiwa ndani anayaacha kwenye mkeka. Afungwe nje, kwenye kivuli chake mwenyewe, mbali na jerikani za maji na vyombo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza kucheza naye, hata kama ni mbwa mpole namna gani.

Wenye kuchinja, iwe ni kwenye machinjio au mbuzi wa arusi nyuma ya nyumba: maini na mapafu yenye vifuko yafukiwe katika shimo refu, juu yake mawe na miiba, kwa sababu mbwa anajua kufukua kuliko sisi tunavyojua kufukia. Kuchemsha kwa nusu saa pia kunaua vichwa vilivyomo. Najua kuni ni za shida. Shimo halihitaji kuni. Na msiwape watoto vile vifuko kuchezea. Havimwambukizi mtoto, lakini mtoto akichoka anamtupia mbwa.

Dawa ya mbwa ipo, inaitwa prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito, miligramu 5 kwa kila kilo moja ya mbwa, na katika maeneo yenye ugonjwa hurudiwa kila baada ya wiki sita, kabla minyoo mipya haijaanza kutaga. Itolewe na daktari wa mifugo au msaidizi wake. Dawa hii inaua minyoo, haiui mayai. Kwa hiyo mbwa akishameza, afungwe mahali pamoja kwa siku mbili, na kila anachotoa siku hizo kizikwe au kichomwe moto, maana ndani yake kuna mayai mengi kuliko siku nyingine yoyote. Anayezika avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na jembe limwagiwe maji yanayochemka.